Neno Lililokatazwa Kwenye Nyumba ya Boila

Siku yangu ya kwanza kazini nilitaka kutoroka kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimetoka kwetu upande wa ziwa na begi moja tu, nikamfuata mjomba wangu aliyekuwa akipakia magunia kwenye kiwanda cha majani chai karibu na Kiptere. Nilidhani kiwanda cha chai ni mahali pa kunukia. Kweli kinanukia, lakini mimi sikupelekwa kwenye harufu. Nilipelekwa nyuma, kwenye nyumba ya boila, na mlango ulipofunguliwa joto lilinipiga usoni nikarudi nyuma nikamkanyaga mjomba.

Kwa nyinyi mnaokunywa chai bila kujua ilipopitia, acha nieleze kidogo. Boila ni pipa la chuma, kubwa kama lori, limejaa maji na mabomba, na moto wake hauzimwi mradi kiwanda kina majani. Maji yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unapelekwa kwa mabomba hadi kwenye draya, ile mashine ya kukausha majani yaliyokwisha kusagwa. Bila mvuke hakuna chai. Lakini mvuke ukifungiwa hutafuta njia ya kutoka, na kazi ya mtu wa boila, ukiacha kurusha kuni za bluugamu, ni kuhakikisha unatokea tunapotaka sisi. Nilipoelezwa hivyo nilianza kuutafuta mlango kwa macho.

Mkuu wa boila alikuwa Mzee Bett, mtu wa Merigi, mfupi, mwenye mikono mikubwa na asiye na nyusi hata moja. Ziliungua zamani akazizoea hivyo. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye gambuti nilizoazimwa.

“Wewe unaogopa?” akaniuliza.

“Hapana, Mzee.”

“Basi rudi kwa nyumba ya mjomba wako. Hapa nataka mtu anaogopa.”

Nikabadilisha jibu haraka. Nikamwambia naogopa sana, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Akanipa glavu.

Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa moto. Lilikuwa glasi ya maji. Ubavuni mwa boila kuna bomba dogo la kioo lililosimama wima, limeunganishwa na boila juu na chini, ili maji ya ndani yaonekane yamefika wapi. Maji yakipungua kwenye boila, yanapungua kwenye glasi. Boila ikikosa maji, mabomba ya ndani yanapata moto mpaka yanakuwa mekundu, na hapo ndipo watu hufa. Kwa hiyo macho ya mtu wa boila hukaa kwenye glasi hata akila, hata akiongea na wewe. Wake zetu walilalamika kwamba hata nyumbani hatuwaangalii usoni tukizungumza.

Ila glasi nayo inaweza kudanganya. Katundu ka chini kakizibwa na matope, maji yaliyomo kwenye glasi hubaki pale pale yakikaa vizuri machoni, huku ndani ya boila yakiisha. Ndiyo maana Mzee Bett alikuwa na desturi ambayo haikuvunjwa hata siku ya Krismasi. Wakati wa kubadilishana zamu, anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja mbele ya glasi. Anayetoka anafungua kabomba ka chini, maji yanatoka kwa kishindo na glasi inabaki tupu. Tuliita hiyo kupuliza glasi. Halafu anafunga, na wote wawili wanangoja. Maji yakiruka kurudi juu, glasi inasema ukweli. Anayetoka anasema, “Nimepuliza, maji imerudi.” Kisha anayeingia anapuliza tena kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mwenzake ni kaka yake wa tumbo moja.

Sasa nije kwenye lile neno. Siku moja, nikiwa nimeanza kujiona fundi, Mzee Bett aliingia akauliza, “Boila iko aje?” Nami nilikuwa nimemsikia meneja akijibu watu kwa Kiingereza kizuri, nikasema, “So far so good, Mzee.”

Aliniangalia kama nimetukana mama yake. Akanishika ovaroli, akanitoa nje hadi kwenye rundo la kuni.

“Hiyo ‘so far so kut’ acha hapa nje,” akasema, maana ulimi wake wa Kipsigis ulikuwa ukiyakaza maneno hivyo, kama wangu wa ziwani ulivyokuwa ukiita shati ‘sati’. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake. “Mimi nimekuuliza boila. Umepuliza glasi?”

“Asubuhi, Mzee.”

“Asubuhi imeenda. Niambie kile mkono yako imefanya saa hii. Kama hujui, sema hujui. Mtu anasema hajui, mimi nalala. Mtu anasema hiyo maneno yako, mimi silali.”

Niliona ni ukali wa wazee. Baadaye mjomba alinieleza kwamba Mzee Bett alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye kiwanda kingine ambako boila ilipasuka. Alikuwa amekwenda msalani. Aliporudi alikuta bati za paa ziko kwenye michai ng'ambo ya barabara, na rafiki yake aliyemwachia boila, aliyemjibu maneno hayo akicheka, hakupatikana wa kuzikwa vizuri. Mzee mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Nilipomuuliza, alinyoosha tu mkono kuelekea michai halafu akaokota koleo. Tangu siku hiyo nilikuwa naogopa boila pamoja na maneno manne ya Kiingereza.

Na nimekuwa nikiyasikiliza maisha yangu yote. Walimu watawaambia “so far so good” maana yake ni kwamba mpaka hapa tulipofika mambo ni mazuri. Ni kweli, na ndani ya maana hiyo kuna mtu anayekiri kwamba mbele hajaona. Anayeyatumia vizuri huyasema kama mtu wa gizani, ameshika ukuta, bado anatembea polepole. Lakini sisi huku hatuyatumii hivyo. Sisi huyatumia kufunga mlango. Meneja wa Kiptere aliyatumia mkutanoni akitaka tusiulize kuhusu paa linalovuja. Mwenyekiti wa kamati ya harusi huyatumia wakati hakuna hema wala ng'ombe. Kijana wangu wa Nairobi akiniambia kwa simu, “So far so good, Dad,” mimi najua hana kazi na pengine hajala, na mama yake huanza kutafuta namna ya kumtumia unga. Mtu akiulizwa ugonjwa, ndoa, shamba au mtihani, hutoa maneno hayo na mwulizaji anashukuru, kwa sababu naye hakutaka kusikia zaidi. Ni maneno ya adabu. Mimi yananitoa kijasho.

Baada ya miaka mingi ya Kiptere nilihamishwa kwenda kiwanda kimoja upande wa Kimulot, karibu na msitu wa Mau, nikawa mkuu wa zamu. Wakati huo nilikuwa nimemwoa Rispa, na tulikuwa na binti yetu Atieno, ndiyo maana wote kiwandani walimwita Mama Atieno. Rispa aliajiriwa kwenye draya. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mdomo wa mashine ambapo chai iliyokauka hutoka, kuangalia isitoke mbichi wala isiungue. Alikuwa na pua ambayo meneja mwenyewe aliiheshimu.

Tatizo ni kwamba draya na boila vilitenganishwa na ukuta mmoja. Ukuta wa matofali, si mnene. Nikiwa upande huu narusha kuni, namsikia Rispa upande ule akicheka na wenzake. Nilikwenda kwa fundi mkuu, yaani injinia wa kiwanda, mtu mwelewa na mpole, nikamwomba amhamishe Rispa apelekwe mbele kwenye kupokea majani. Aliniuliza sababu. Nikamwambia naogopa boila.

“Mzee Odera, boila unaichunga wewe,” akasema. “Kama wewe unaiogopa, mimi nifanye nini?”

“Ufanye kama mimi, uiogope pia.”

Alicheka, lakini siku ile ile alikuja akakagua kila valvu kwa mkono wake. Rispa mwenyewe ndiye aliyekataa kuhama. Alisema kule mbele ni baridi na matope, na hataki kubebwa kama mayai. Basi nikaishi hivyo, roho mkononi, kila nikiangalia geji ya presha jicho moja linakwenda ukutani.

Kimulot walikuwa watu wazuri lakini walizoea salamu zao. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi, Wanjala, alikuwa mcheshi na hodari wa kazi, na “so far so good” ilikuwa kama jina lake la pili. Nilipowaeleza desturi ya Mzee Bett walinicheka mpaka wakapaliwa. “Jirani, hiyo ni ushamba ya Kiptere,” alisema Wanjala, aliyeniita jirani kwa vile kwao kunapakana na kwetu. “Mtu akikwambia habari ya asubuhi ni nzuri, utampima joto?” Hata hivyo alikubali kupuliza glasi, ila kuningoja tupulize pamoja alikataa. Alikuwa akiishi mbali na alipenda kuondoka mapema.

Ikaja masika moja mvua haikutaka kukatika. Mto tulikovuta maji yetu ulishuka kutoka msituni ukiwa mwekundu kama uji wa wimbi. Mvua ile ile ilikuwa imenenepesha michai, malori ya majani yalikuwa yamepangana mpaka nje ya geti, na kila mtu alikuwa mbioni. Boila yetu ilikuwa na glasi mbili, lakini moja ilikuwa imepasuka na kufungwa, tukingoja nyingine. Kengele ya kutuonya maji yakipungua ilikuwa imezimwa, maana matope yalikuwa yakiifanya ilie ovyo. Fundi mkuu aliondoka asubuhi kwenda mjini Kericho kutafuta hiyo glasi na vipuri vya kengele. Hakuna aliyekuwa mzembe siku ile. Nalisema hilo kwa sababu kila nikisimulia watu hutafuta wa kumlaumu.

Niliingia zamu ya mchana nikamkuta Wanjala amekwisha kuvaa koti la mvua.

“So far so good, jirani,” akasema akipita. “Maji iko nusu, presha iko poa. Wacha niwahi hiyo gari ya majani inarudi.”

“Umepuliza?”

“Nimepuliza mapema. Iko sawa, wewe!” Akanipiga begani, akatoka kwenye mvua.

Niliangalia glasi. Maji yalikuwa nusu kama alivyosema. Geji ya presha ilikuwa mahali pake. Pampu ya maji ilikuwa ikilia, ingawa sauti yake ilikuwa nyepesi mno, kama mtu anayetafuna bila kitu mdomoni. Halafu nikainama karibu na glasi. Maji kwenye glasi hayakuwa yanacheza. Boila ikichemka, maji ya glasi hutetemeka wakati wote, hupanda na kushuka kidogo. Haya yalikuwa yametulia kama maji ya kisimani.

Nilifungua kabomba. Maji yakatoka, machafu. Glasi ikabaki tupu. Nikafunga, nikangoja.

Hayakurudi.

Nikafungua tena, nikafunga tena. Nilijiambia labda nimefunga vibaya. Kilio cha mvuke kidogo kilipita kwenye kioo, na hakuna tone lililopanda. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mke wangu akimwambia mwenzake kitu kuhusu sukuma wiki.

Hapa ndipo nataka vijana mnisikilize, kwa maana hofu ina mkono wake. Boila ikikosa maji, kila kiungo mwilini mwako kinataka kuipa maji. Ni kama kumwona mtu ana kiu. Mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye kitufe cha pampu ya pili, ile ya akiba, iliyokuwa na maji yake ya tangi. Lakini mabomba yaliyokuwa ndani yalikuwa hayana kitu, na moto ulikuwa unayachoma. Maji baridi yakigusa chuma cha namna hiyo yanageuka mvuke wote kwa mpigo mmoja, na hakuna ukuta wa matofali utakaouzuia. Mzee Bett alinirudia jambo hili mpaka nikachoka naye: glasi ikiwa tupu na hujui maji yamefika wapi, usiipe maji. Nilitoa mkono kwenye kile kitufe kwa kuuvuta na mkono wa pili. Sisemi kwa mfano, niliuvuta kweli.

Nikazima ile pampu iliyokuwa ikivuta hewa. Nikazima feni zinazopuliza moto. Nikafunga milango ya hewa. Nikaanza kumwaga jivu lenye unyevu juu ya kuni, koleo baada ya koleo. Hapo msaidizi wa meneja akaingia mbio. Alikuwa kijana mwerevu wa upande wa uzalishaji, anajua chai kuliko wengi niliofanya kazi nao.

“Mzee Odera, kuna nini? Draya inapoa na majani iko ndani!”

“Boila haina maji. Toa watu wote, boss. Wote.”

“Haina maji? Si uweke basi!” Akanyoosha mkono kwenye kitufe kile kile. Hata sikumlaumu, wangu ulikuwa umefika hapo kabla ya wake.

Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika bosi tena maishani. “Ukiweka maji tunakufa,” nikamwambia. “Mimi, wewe, na wale wako nyuma ya huu ukuta.”

Tulitazamana. Niliona anataka kuniamini na anaogopa kuniamini. Akatoa simu akampigia fundi mkuu, akaweka sauti ya nje.

“Maji haionekani kwa glasi, sir. Odera anakataa kuwasha pampu.”

Sauti ya fundi mkuu ilikuja kwa fujo za mjini. “Usiwashe! Unanisikia? Usiguse maji, usifungue valvu yoyote. Moto umefunikwa?”

“Nafunika, fundi,” nikapiga kelele.

“Sawasawa. Maliza utoke. Na wewe, toa watu wangu nje, mbali na hiyo ukuta!”

Yule kijana hakuuliza tena. Alikimbia akapiga king'ora, nami nikamsikia akiita watu kwa majina upande ule, akiwatukana wanaotembea polepole. Nilimwaga koleo za mwisho. Ndani ya boila chuma kilianza kulia, mlio mdogo, kama kitanda mtu akijigeuza. Nikatupa koleo nikatoka.

Uwanjani watu walikuwa wamesogezwa mpaka kwenye michai, mvua ikiwanyeshea. Nilitafuta kitambaa cha kichwa cha Rispa, cha kijani. Nikaona vyekundu, vya maua, vya bluu. Nikamwona supavaisa wa draya, mama mmoja wa Konoin, nikamshika mabega.

“Mama Atieno yuko wapi?”

“Si alikuwa nyuma yangu?” Akageuka, uso ukambadilika. “Alisema draya imezimwa, na majani ikilala ndani bila feni ya kuipuliza itashika moto. Alisema anaitoa tu anakuja.”

Alikuwa sahihi kuhusu moto wa draya. Hilo ndilo jambo baya la watu wanaoijua kazi yao. Nilikimbia nikauzunguka ukuta hadi mlango wa pembeni, miguu ikiteleza, nikachungulia. Ndani kulikuwa na vumbi la chai na joto, na katikati yake Rispa, ameshika reki ya mbao, anavuta majani kutoka mdomo wa mashine, mgongo wake umeelekea ule ukuta wa boila. Hatua chache tu kutoka pale.

“Mama Atieno! Toka!”

Hakugeuka. Alinyoosha kidole gumba juu ya bega, akajibu kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumjibu mtu anayeuliza kama ugali umeiva: “So far so good, Baba Atieno! Imebaki kidogo!”

Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baadaye. Sikuogopa nilipoona glasi tupu kama nilivyoogopa kusikia maneno yale kwenye kinywa cha mke wangu. Niliingia. Nilimshika kiuno na reki yake nikamvuta kama unavyomvuta ng'ombe aliyekataa kuvuka mto, naye akinitukana kwa Kijaluo njia nzima. Tulifika kwenye michai ndipo valvu ya usalama ikafunguka juu ya paa. Hiyo ni valvu inayotoa mvuke presha ikizidi. Ilipiga kelele iliyofanya watu wote walale kifudifudi kwenye matope. Nilimlalia Rispa. Nilihisi moyo wake ukipiga chini ya mkono wangu, na nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo mchungaji asingeyapenda.

Kelele ile ilidumu, ikapungua, ikawa filimbi, ikanyamaza. Tukabaki na mvua. Hakuna aliyesimama. Tulikaa kwenye michai tukiangalia nyumba ya boila mpaka jioni, kila mmoja akingoja isifanye kitu. Rispa alikuwa bado ameshika reki yake.

Boila ilipopoa, fundi mkuu aliifungua na kuingia na tochi. Alinionyesha. Mabomba ya juu yalikuwa yamegeuka rangi ya bluu, mengine yamelegea kama mishumaa iliyowekwa juani. Tundu la chini la glasi lilikuwa limezibwa na matope mekundu ya msituni, na matope hayo hayo yalikuwa yameziba chujio la pampu. Aligusa bomba moja kwa kidole. “Ingeingia maji hapa,” akasema. Alikaa kwenye ndoo ya jivu akavua kofia.

Wanjala alipopata habari alikuja kwangu nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti la mvua. Alikuwa amepuliza kweli, mapema, na wakati ule maji yalikuwa yamerudi. Hakusema uongo. Aliomba apelekwe kwenye kukata kuni, na huko ndiko alikostaafia. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka zamu Kimulot kabla hatujapuliza glasi wawili, na lile neno lilibaki nje kwenye rundo la kuni. Hakuna bosi aliyelikataza. Watu wenyewe hawakulitaka ndani.

Rispa naye, usiku wa siku ile ya boila, alinikuta nimeketi na chai yangu imepoa. Aliketi karibu nami akasema, “Sitayasema tena.” Nikamwuliza nini. Akasema, “Unajua.” Na nyumbani kwetu hayakusikika tena. Nikimwuliza ameamkaje, alikuwa akinijibu kama mtu wa boila: ameamka, amekamua, goti la kulia linauma, kichwa hakina kitu. Majirani walidhani ni mama wa kulalamika. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu kwa amani.

Nimestaafu sasa, tuna kishamba chetu karibu na Kiptere, michai kidogo na ng'ombe wawili. Watu huniuliza kama naikosa kazi. Siikosi. Bado naota glasi. Atieno aliponunua ile sufuria ya kufunga inayopiga filimbi, nilikaa nje ya jikoni mpaka maharagwe yakaiva, na wajukuu wakanicheka. Hofu haistaafu pamoja na mtu. Nimeizoea tu, kama Mzee Bett alivyozoea kukosa nyusi.

Halafu, masika haya yaliyopita, asubuhi moja nilimkuta Rispa ameketi ukingoni mwa kitanda, hajafunga kitambaa. Nikamwuliza ameamkaje. Alinitazama, akatabasamu.

“So far so good,” akasema.

Nilivaa viatu. Sikumwuliza swali lingine. Nilimpigia jirani mwenye gari, nami sikufunga kamba wala kuvaa soksi. Rispa alipinga, akasema ni gesi tu, akasema nisiwasumbue watu asubuhi. Alikuwa ameshika kifua chini ya shuka, akidhani sioni.

Hospitalini mjini Kericho walimwingiza ndani wakanifungia mlango. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia mlango ule kama nilivyoangalia ukuta wa Kimulot. Mchana daktari alitoka, binti mdogo wa umri wa Atieno, amechoka. Akasema, “Mzee, so far so...” Akaniona uso. Sijui aliona nini, lakini alivuta kiti akaketi mbele yangu.

“Acha nikuambie vizuri, Mzee,” akasema. “Ni moyo. Tumepima, mshipa mmoja ulikuwa unaziba. Tumempa dawa, na nimesikiliza moyo mwenyewe sasa hivi, unapiga vizuri. Kesho sijui. Nitampima tena jioni, halafu asubuhi, na nitakuja kukuambia kila mara.”

Nililia mbele ya yule binti, mzee mzima. Si kwa habari mbaya tu. Ningemwachia boila yangu mtu kama yeye.

Jioni waliniruhusu kuingia. Rispa alikuwa ameegemea mito, amekuwa mdogo. Nilisimama mlangoni. Aliniangalia miguu, akaona viatu visivyo na soksi, akaelewa kila kitu.

“Nimekunywa uji nusu kikombe,” akasema polepole. “Nimeenda mpaka dirishani na nesi nikarudi. Kifua bado kinauma nikilalia upande wa kushoto. Na naogopa, Baba Atieno.”

“Hata mimi,” nikamwambia, nikavuta kiti, nikaketi mahali ninapoweza kumwona akipumua.